Soda ya Mwenyekiti

Nilikunywa soda ya mwenyekiti wa usaili. Naanza na hilo kabisa, anayetaka kucheka acheke amalize, ndo tuendelee. Sikukaribishwa. Kiu haikuwa imenizidi. Soda ilikuwa yake, iko mbele yake, kaifungua mwenyewe na kifuniko kakiweka pembeni, na mie niliyekuja kuomba kazi nikanyoosha mkono juu ya karatasi zangu mwenyewe, nikaichukua, nikapiga mafunda matatu, nikashusha pumzi, nikamwambia:

"Ahsante, mateka wangu."

Mbele ya watu wengine wawili. Mmoja alikuwa anaandika.

Ujinga nimeufanya mwingi maishani. Niliwahi kuingia nyumba isiyo na msiba nikaanza kulia mlangoni, wenyewe wakabaki kuhesabiana nani kafa. Lakini ule niliusahau baada ya wiki. Huu wa soda nikiwa naosha vyombo unanijia, naacha sufuria, nasimama peke yangu uani nasema "Yallah!" kama mtu aliyechomwa.

Sasa nieleze nilifikaje pale, maana mtu hafiki kwenye soda ya mwenyekiti kwa siku moja. Mie ilinichukua miaka sita.

Kazi yangu ni kufunga kaa. Nikisema hivyo Kibiti mjini watu wanadhani naanza utani wangu. Nyamisati, pale wanaposhukia abiria wa boti za Mafia, ukivuka vibanda vya chai ukafuata harufu, utafika kwenye banda kubwa la mabati. Hilo ndo depo. Wachimba kaa wanatoka nao kwenye mikoko, wamewalaza ndani ya matenga, wamewafunika majani mabichi ili wasikauke. Sisi wanawake saba tuko kwenye meza ndefu. Kaa unamshika mgongoni, unamkandamiza, unamfunga magando kwa kamba kabla yeye hajakufunga wewe. Kisha wanachambuliwa: wakubwa huku, wa kati huku, watupu nje. Wanaofaa wanapelekwa Dar, wanapandishwa ndege wakiwa hai, wanaliwa Uchina. Mie ndege sijapanda. Kaa niliyemfunga mie kapanda. Naishi nalo hilo.

Nieleze na kaa mtupu, maana bila huyo hakuna hadithi. Kaa akivua gamba anaota jingine, lakini nyama inachelewa. Kwa siku kadhaa anatembea na nyumba kubwa, ndani maji. Ukimsafirisha huyo, anakofika wanakuta gamba na aibu. Na ubaya ni kwamba mtupu ndo anayependeza. Gamba jipya, linang'aa, halina tope, unaweza kumpiga picha. Kaa aliyeshiba ni mchafu, tumbo limeota kutu, meno ya magando yamelika kwa kuvunjavunja chaza. Kwa macho utadanganywa kila siku. Dawa yake ni kidole gumba: unabonyeza chini, karibu na shina la mguu. Pakiingia, mtupu. Pakikataa, kajaa. Basi. Shangazi yangu alinifundisha hiyo kabla sijajua kuandika jina langu, na mpaka leo kidole changu kimesoma kuliko mie.

Maana shule niliachia kidato cha pili. Watu wakiuliza, nasema mafuriko yalikata njia. Ni kweli mafuriko yalikuja. Lakini yaliondoka, mie ndo sikurudi.

Kwa miaka sita nimeona wasimamizi wa uchambuzi watatu. Msimamizi wa uchambuzi ndiye anayesema huyu aende, huyu abaki. Ana mkataba, ana kadi ya bima, ana kiti chenye mgongo. Wa kwanza alikuja na cheti na glovu za kuoshea vyombo, za pinki. Alimwita kaa "spishi". Spishi ikijitingisha kwenye tenga, bwana anaruka mpaka mlangoni. Wa pili alikuwa dada mmoja mwenye simu mbili. Nilimfundisha kubonyeza kwa siku nne, akabonyeza simu. Wa tatu alijua kila kitu duniani, kuanzia siasa za Marekani mpaka dawa ya ngiri, isipokuwa kaa. Huyo alikuwa akikalia mzani.

Wote watatu waliletwa kwangu siku ya kwanza na meneja wa depo, na maneno ni yaleyale: "Dada, mzoeshe mwenzio." Namzoesha. Wiki mbili zikipita, mwenzio yuko nyuma yangu mikono kiunoni, ananiambia, "Tuongeze kasi jamani."

Meneja mwenyewe ni kijana wa maneno mazuri. Kila Jumatatu anatusimamisha uwanjani anatuambia, "Sisi hapa si wafanyakazi. Sisi ni familia." Hapo ni kweli, wafanyakazi hatukuwa. Tulikuwa vibarua. Kila asubuhi mlinzi anatuandika upya majina kwenye daftari, miaka sita, kana kwamba ndo kwanza tumeonana na anafurahi kutufahamu. Familia hiyo ilinipa mabuti ya mvua, yote mawili ya kushoto. Nilipolalamika, meneja akasema amelichukua na analifanyia kazi. Nadhani bado analifanyia, maana mguu wangu wa kulia mpaka leo unaelekea kushoto nikichoka.

Siku kaa aliponibana kidole cha shahada, damu inachuruzika mpaka kwenye kiwiko, alikuja mbio kutoka ofisini. Nikasema afadhali, mtu ana utu. Kumbe kaleta karatasi.

"Pole sana dada. Jaza fomu ya tukio."

"Nijaze kwa mkono upi, bosi?"

Akafikiria. Wallahi akafikiria kweli.

Yote hayo ningeendelea kuyacheka. Kilichonikata maini ni kitu kidogo. Binti yangu yuko darasa la saba. Shuleni walipewa fomu, kuna mahali pameandikwa kazi ya mzazi. Nikaiona fomu juu ya meza, kaandika "mkulima". Nikamwita.

"We mtoto, mie mkulima wa nini?"

"Sasa niandike nini, mama?"

"Andika ninachofanya."

"Kibarua wa kaa?" Akaangalia chini. "Wote waliandika mkulima, mama."

Nyumbani kwetu hatuna hata jembe. Nikakaa nayo hiyo. Nilitaka mtoto aandike kitu. Msimamizi. Neno moja tu, tena refu, linajaza mstari wote.

Basi yule wa tatu, mkalia mzani, akapata kazi nyingine Dar, akatuaga kwa hotuba. Keshoye tangazo likabandikwa kwenye mlango wa depo. Anatakiwa msimamizi wa uchambuzi. Awe na stashahada, ajue Kiingereza na kompyuta, awe na uzoefu wa miaka mitano, aweze kufanya kazi katika mazingira yenye shinikizo. Nikasoma mara mbili. Stashahada sina. Kiingereza nakijua kwa sura. Kompyuta nimeifuta vumbi. Lakini shinikizo! Mie kutwa nzima nashinikiza kaa, nani kanizidi?

Shoga yangu wa meza moja, mwanamke wa Kimatumbi mwenye ulimi kama wembe, akaniambia, "Peleka. Watakufanya nini? Watakuita kibarua?"

Nikapanda bodaboda mpaka Bungu, nikaunga gari mpaka Kibiti kutafuta sivii. Kibiti sivii haziandikwi, zinagawiwa. Kuna bwana wa steshenari, mtu mzima ana miwani, ndani ya kompyuta yake kuna sivii moja, sijui ya marehemu gani, na wilaya nzima inaomba kazi kwa hiyohiyo. Anabadilisha jina tu. Ndo maana watu wote wa Kibiti wanapenda kusoma, kusafiri na kubadilishana mawazo. Hata wale ambao ukiwaomba kiberiti hawajibu.

"Elimu?" akaniuliza.

"Kidato cha pili."

"Ulimaliza?"

"Nilikiona."

Akaandika "alihudhuria". Nikamheshimu kwa hilo, ni mtu pekee katika safari yote aliyenisaidia kwa neno moja. Ila picha alinikomesha. Nilikwenda na mtandio wangu mzuri, akaniambia picha za kazi zinataka suti, tena usijali, suti iko kwenye mashine. Akanipiga kichwa, akanipachika mwili. Ilipotoka, ni mie kabisa kuanzia kidevu kwenda juu, na kuanzia kidevu kwenda chini ni bwana mmoja mwenye mabega na tai nyekundu. Nikamwambia kaka, huyu mwanamume. Akasema, "Wanaangalia sura."

Bado barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji. Siku tatu nilikwenda na kurudi, maana mtendaji alikuwa amekwenda msibani Nyamwage na muhuri kaondoka nao mfukoni. Serikali nzima ya kijiji ilikuwa kwenye suruali ya mtu mmoja, inakula ubwabwa wa matanga.

Nikaitwa. Sikuamini. Mpaka leo nafikiri waliniita kwa ajili ya ile tai.

Siku yenyewe nilivaa baibui la harusi, na mkononi nikashika kikapu kidogo. Ndani nimeweka kaa wawili: mmoja kashiba, mchafu kama mbeba mkaa, mwingine mtupu, anang'aa kama sahani ya wageni. Nilijua kwa maneno sitawaweza. Wao wana maneno yao, mie nina kidole.

Usaili ulikuwa kwenye ukumbi nyuma ya nyumba ya wageni. Nje tulikaa kwenye benchi, mie na vijana watano wenye mafaili. Mashati yamepigwa pasi mpaka ukiegemea unakatwa. Mmoja, shati jeupe kuliko wote, akanisogelea kwa adabu.

"Shikamoo mama. Hao unauza?"

"Marahaba. Siuzi baba, na mie naitwa humo ndani."

"Ooh. Samahani mama." Akavuta faili lake karibu, kana kwamba kaa watalisoma.

Zamu yangu ikafika. Mezani watu watatu. Katikati mwenyekiti, mtu mzima wa makamo, mvi za heshima, ametumwa na makao makuu ya kampuni, na soda yake ya tangawizi. Kulia dada wa rasilimali watu, kalamu mkononi. Kushoto meneja wangu. Meneja wangu, ambaye ameniona kila siku iliyo ya kazi kwa miaka yote hiyo, akanikazia macho akasema:

"Tafadhali, jitambulishe."

Nikajitambulisha. Nikamwangalia nikaongeza, "Ni mie bosi, wa mabuti."

Yule dada akaanza: "Teli as abauti yuaselfu."

"Yes," nikasema.

Akasubiri. Na mie nikasubiri. Nilijua kuna kitu kinatakiwa baada ya yes, lakini kile cha kwanza ndo nilichokuwa nacho.

"Yes nini?"

"Yes madamu."

Mwenyekiti akakohoa, akasema tuendelee kwa Kiswahili. Mungu ambariki, wakati ule nilidhani ni ubinadamu, baadaye nikaelewa alikuwa anataka kula mapema. Dada akaniuliza najiona wapi baada ya miaka mitano. Nikamwambia nikijaaliwa uhai nitakuwa na miaka arobaini na moja. Akaniuliza udhaifu wangu. Nikasema magoti. Akaandika. Sijui aliandika nini, lakini alichukua muda mrefu kwa neno "magoti".

Nikaona hapa naliwa. Nikaweka kikapu mezani.

"Naomba niulize na mie swali moja. Nimekuja na kaa wawili. Mmoja wa kusafirisha, mmoja wa kutupa. Naomba kila mmoja wenu achague wa kusafirisha."

Mwenyekiti akatabasamu, akajisogeza. Alichagua yule anayeng'aa. Dada wa rasilimali watu, naye anayeng'aa, tena akasema "huyu yuko presentabo". Nikamgeukia meneja. Meneja wangu wa kaa. Akawatazama wote wawili, akatazama mwenyekiti kachagua yupi, akachagua huyohuyo.

Nikamgeuza kaa mzuri, nikabonyeza, kidole kikazama. Nikamgeuza mchafu, nikabonyeza, pagumu kama jiwe. Nikawaambia wabonyeze wenyewe. Mwenyekiti alibonyeza mara tatu, kama mtoto aliyepata kengele.

"Huyu msafi ni maji matupu," nikasema. "Wengi wanachagua kwa gamba. Ndo maana mnaleta wasimamizi, mie nawafundisha."

Ningenyamaza hapo, ningekuwa nimemaliza. Maana mwenyekiti alicheka kicheko cha kweli, akampiga meneja begani, akasema, "Huyu mama anajua kazi!" Meneja naye akacheka, kicheko cha kukopa. Dada akaweka kalamu chini. Niliiona kazi, wallahi niliiona. Niliona fomu ya shule, niliona neno "msimamizi" limejaa mstari.

Kisha mwenyekiti akafuta machozi ya kucheka, akasema:

"Mniwie radhi, mie nimetokea Tabora. Kule kaa tunamuona kwenye kalenda."

Tabora!

Asiyekulia Pwani hataelewa neno hilo lilinifanya nini. Sisi na Wanyamwezi ni watani, tangu enzi za babu zao kupita huku na mizigo kichwani. Mtani hana kosa. Mtani unamwita mateka wako, unamnyang'anya kofia barabarani, unakula chakula chake, unamtukana kwenye msiba wake mwenyewe na anakulipa. Bibi yangu aliwahi kuingia kwenye kaburi la mtani likiwa wazi, akajilaza, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Akapewa. Hakuna aliyenuna. Na mtani akikutembelea kwenu, wa kwanza kumdhalilisha ndo mwenye ukarimu.

Asubuhi yote nilikuwa nawaogopa mabosi. Kusikia Tabora, bosi akayeyuka. Nikamwona ndugu. Nikamwona mtu wa kwetu wa kuchezea. Ulimi ukafunguka, na mkono nao.

"Aaah! Kumbe mtani wangu! Kumbe umeletwa kwenye himaya yetu! Sasa wewe mateka unakunywaje soda na mwenyewe nipo nimekaa na kiu?"

Nikaichukua. Mafunda matatu. Yaliyobaki mmeshayasikia.

Nikasubiri anijibu. Ndivyo inavyokwenda, mtani anakurudishia, anakwambia na hilo baibui umeazima, mnacheka, mambo yananyooka. Nikaweka chupa, nikamtazama kwa hamu. Yeye alikuwa anaitazama chupa. Kwenye mdomo wa chupa palikuwa na rangi yangu ya midomo.

"Dada," akasema taratibu, "mie si Mnyamwezi."

"Umesema umetoka Tabora!"

"Nilihamishiwa. Miaka miwili. Ndo nimetokea huko kikazi." Akataja kwao. Sipataji hapa, maana nimeshamkosea vya kutosha. Ni upande ambao babu zangu hawakuwahi hata kugombana nao, sembuse kutaniana. Hatudaiani hata salamu.

Dada wa rasilimali watu akaokota kalamu. "Samahani. 'Mateka' umesema kwa maana gani?"

"Kwa maana nzuri," nikasema.

"Naandika nini?"

"Andika... mgeni."

Meneja alikuwa ameziba macho kwa mkono, lakini vidole kaviachanisha. Nikaisogeza chupa taratibu mpaka mbele ya mwenyekiti, mahali palepale ilipokuwa, hata nikaizungusha lebo imtazame. Robo tatu haimo. Yule bwana akaisogeza kwangu tena kwa kidole kimoja.

"Malizia tu, dada."

Na nikamalizia. Hilo ndo linalonichoma zaidi. Nilifikiri kuiacha ni dharau nyingine. Nikakunywa soda yote ya yule bwana mbele yake, polepole, watu watatu wananitazama, kaa wawili wananitazama, na gesi ikanipanda, nikaizuia, ikatokea puani.

"Tutakupigia," akasema yule dada.

Nilipoinua kikapu meneja akanong'ona, "Mwache huyo aliyejaa." Kumbe kujifunza aliweza, ni mapenzi yake tu. Kaa aliyeshiba akabaki Kibiti, sijui alipikwa na nani. Nilirudi Nyamisati na mtupu.

Shoga yangu alinidaka njiani. "Vipi?"

"Wamenipenda," nikasema. "Wamecheka sana." Hakuna neno la uongo hapo.

Wiki mbili. Simu naibeba mpaka chooni. Binti yangu kila akirudi shule anauliza kwa macho, namjibu kwa kumwambia akachote maji. Jumatatu ya tatu tukasimamishwa uwanjani. Familia ikaambiwa ina mtu mpya. Akatoka ofisini yule wa benchi, shati jeupe, safari hii na beji. Ana stashahada. Ya nini sikumbuki, ya kitu cha misitu nadhani, kaa anatoka msituni si haba.

Meneja akaja mpaka kwenye meza yangu. Hakunitazama usoni, alitazama kamba.

"Dada, mzoeshe mwenzio."

Yule kijana, Mungu anisamehe, hana baya. Akanikumbuka, akaona haya, akanipa shikamoo mara mbili. Lakini nilikuwa nimejaa nyongo mpaka kwenye kope. Akashika kaa mmoja, akanionyesha.

"Mama, huyu vipi?"

"Mbonyeze."

"Nimbonyeze wapi?"

"Walikokufundisha."

Akabonyeza mgongoni. Meza nzima ikainamisha vichwa kucheka. Akachagua mwenyewe, kwa macho, na mie nikamwachia. Kila mwenye gamba la kung'aa akaingia kreti la daraja la kwanza. Kreti zima la maji. Nikawa nafunga magando najisikia raha ya ajabu, raha ya mtu anayetazama nyumba ya jirani inavuja. Familia nzima ina stashahada, mnataka nini kwangu? Wapelekeni, Wachina wakanywe maji.

Jioni ya siku ile binti yangu alikuja na fomu nyingine, ya kwenda sekondari. Hakuuliza. Kaandika "mkulima", kwa mwandiko mzuri sana.

Lakini hiyo ni jioni. Mchana, kabla gari halijaja, kijana wa shati jeupe alikwenda kuswali. Shoga yangu akainuka bila kusema, akaliburuta lile kreti mpaka kwenye meza yetu, akaanza kubonyeza mmoja mmoja na kutoa watupu.

"Waache," nikamwambia.

"Niwaache waende Dar wakaseme Nyamisati hakuna anayejua kaa? Mie jina langu lina mdomo wa kujitetea?" Akaendelea. Kisha akasema, hanitazami, "Ulisema walikupenda."

Nikaanza kumsaidia ili nisimjibu. Nikabonyeza wawili watatu. Halafu nikamwambia. Nikamwambia Tabora, nikamwambia mateka, nikamwambia mafunda matatu, nikamwambia "malizia tu dada", nikamwambia mpaka gesi ya puani na kwamba nilirudi na mtupu. Nilifikiri atacheka. Wenzetu watano mwisho wa meza, waliokuwa wametega masikio, walicheka mpaka mmoja akambana kaa badala ya kaa kumbana yeye. Shoga yangu hakucheka. Aliinua kaa mmoja mzuri, msafi, akamgeuza tumbo juu mbele ya uso wangu.

"Wewe kaa hata aking'aa kama yai la kuku humweki kwenye tenga kabla hujambonyeza," akasema. "Huyo bwana ulishindwa nini kumuuliza kwanza, kwenu hasa wapi?"

Nikarudi kwenye kamba zangu. Gari likaanza kusikika mbali linapiga honi kwenye makorongo, kijana wa shati jeupe anarudi kutoka msikitini na mikono imelowa. Nikadhani shoga yangu amemaliza maneno yake. Kisha akanisogelea sikioni.

"Ile soda lakini. Ilikuwa ya baridi?"

"Ya baridi sana."

"Basi shoga, usiniambie tena ulirudi na mtupu."